Saa ya Kiingereza

Mrisho aliitangaza sheria yake mara tu aliporudi kutoka kuswali Magharibi, kanzu juu na suruali ya kazi chini yake, bado inanuka moshi wa kuchomelea. Alisimama kwenye mlango wa sebule akamtazama mkewe Adila, aliyekuwa amekaa mkekani na simu mapajani, kisha akamtazama binti yao Maulida aliyekuwa akimenya vitunguu.

"Kuanzia kesho," alisema, "Magharibi mpaka Isha ndani ya nyumba hii hakuna Kiswahili. Kiingereza tupu. Atakayekosea ataosha vyombo."

Maulida alicheka. Adila hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amepokea matokeo ya mtihani wake wa Kiingereza kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili alikuwa amefaulu kusikiliza, kusoma na kuzungumza, akaanguka kwenye kuandika. Alipungukiwa nusu alama. Huko Ulaya alikokuwa akiombea kazi ya uuguzi, habari ya nusu hawakutaka kuisikia.

"Mimi je?" aliuliza Bi Swaumu, mama yake Mrisho, kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Wewe mama huhusiki."

"Sihusiki vipi, na mimi naishi humu?"

"Nina maana wewe hutaosha vyombo. Wewe kaa zako, upumzike."

Bi Swaumu aligeukia dirisha. Alikuwa mwanamke wa Mkange, mkulima wa ufuta na mihogo tangu usichana wake, aliyeletwa hapa Dunda, mjini Bagamoyo, na mwanawe baada ya kufiwa na mume na kugundulika ana kisukari. Kupumzika ilikuwa kazi ambayo hakuwahi kuizoea.

Adila naye alikuwa amechoka mno kubisha. Alikuwa ametoka zamu ya mchana kwenye kituo cha afya, na kabla ya zamu alikuwa amesikiliza ujumbe mrefu wa sauti kutoka kwa Bwanausi, mwalimu wa Dar es Salaam aliyekuwa akiwafundisha watu kwa njia ya simu. Bwanausi hakuwa mkali, ila alikuwa na namna ya kusema jambo mbele ya kundi zima. "Adila, dada yangu, sarufi yako ni nzuri. Tatizo lako ni maneno. Kila kitu kwako ni kikubwa, ni kizuri, ni kibaya. Hayo ni maneno ya darasa la tatu. Mtahini anataka maneno mazito. Ukimpa maji, naye anakupa alama za maji." Watu ishirini na kitu walikuwa wameusikia ujumbe ule. Wawili waliweka alama ya kicheko.

---

Kabla ya sheria ya Mrisho, maneno yalikuwa yakijifunzwa kwa njia nyingine. Adila aliyaandika kwenye vipande vya karatasi, akavibandika ukutani juu ya jiko la gesi, na jioni alipokuwa akipika Bi Swaumu alikuwa akimuuliza.

"Na hilo la leo?"

"Reluctant."

"Ndiyo nini?"

"Mtu anafanya jambo lakini hataki. Yaani hakatai, ila moyo wake haupo."

"Hiyo ni shingo upande," alisema Bi Swaumu. "Una kazi gani ya kuhangaika? Mwone jirani yetu Hajra anavyomkopesha shemeji yake chumvi. Ndiyo hiyo hiyo."

Adila alicheka, na neno lile halikumtoka tena. Mengi yalimkaa kwa njia hiyo. Mama mkwe wake hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ukimweleza jambo alilipatia mahali pake, na lilipokuwa na mahali pake Adila alilikumbuka. Kwa wote wawili ndiyo ilikuwa nafuu ya siku. Mmoja ametoka kwa wagonjwa, mwingine ameshinda peke yake na redio.

Sheria ilipoanza, mazungumzo yale yalikosa saa yake. Jioni ilikuwa ya Kiingereza. Asubuhi Adila aliondoka bado giza, na siku za zamu ya usiku alilala mchana. Muda uliobaki alikuwa amevaa spika za masikioni, akimsikiliza Bwanausi.

Wiki ya kwanza palikuwa na vichekesho. Mrisho alikuwa fundi hodari wa mageti na madirisha ya chuma, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Aliomba maji ya kuoga kwa maneno ambayo Maulida, aliyekuwa akisoma shule ya Kiingereza, alisema yana maana kwamba maji ndiyo yaoge. Alilipa makosa yake. Hajra alipochungulia juu ya ukuta wa uani na kumkuta mwanamume anasugua masufuria, alipiga vigelegele. "Jamani, nyumba ya Wazungu hii!" Jina likatembea mtaa mzima. Muuza samaki akapita akibisha hodi kwa Kiingereza, na watoto wa madrasa wakawa wanamsalimia Mrisho "gudi moni" hata jioni.

Mrisho alivumilia yote. Aliamini kwamba anafanya kwa ajili ya wote. Rafiki wa mkewe aliyesoma naye chuo, Dija, alikuwa na mwaka wa pili huko Ulaya akiwahudumia wazee, na alikwishawajengea wazazi wake nyumba ya vigae kule Fukayosi. Mrisho ndiye aliyeitengenezea nyumba ile madirisha. Kila dirisha alilolipachika alikuwa akifikiri kwamba Dija hakumzidi mke wake kitu, isipokuwa nusu alama.

Bi Swaumu siku za mwanzo alikaa pamoja nao sebuleni. Wakicheka, naye alitabasamu, akawatazama midomo. Aliuliza, "Amesema nini?" Maulida akamwambia, "Bibi, nikikueleza naosha vyombo mimi." Jioni moja aliuliza mara mbili na hakuna aliyejibu, si kwa dharau, ila kila mmoja alikuwa akitafuta neno. Kesho yake alikibeba kiti chake mwenyewe akakipeleka ukumbi wa nyuma, karibu na jiko. Mrisho alipouliza, mama alisema huko kuna upepo.

---

Chuma kilimchoma Bi Swaumu uani. Mrisho alikuwa na kawaida ya kumalizia kazi ndogo nyumbani, na ingawa alifagia, vipande vya nondo na matone makavu ya chuma cha kuchomelea havikosi kubaki mchangani. Mama alikuwa na ndala zilizolika. Hakusikia kitu, sukari ilikuwa imemtia ganzi nyayo zamani. Alipokwenda kutawadha aliona maji yanatoka mekundu, akainua mguu wa kushoto, akakiona kipande kimezama chini ya kidole gumba. Alikitoa kwa kucha. Aliosha, akapaka manjano na chumvi, akafunga kitambaa.

Siku chache baadaye mguu ulianza kuvimba. Hapo alikwenda sebuleni, akasimama mlangoni akiegemea fremu. Ilikuwa baada ya Magharibi. Adila alikuwa amesimama katikati ya chumba akifanya mazoezi ya kuhutubia, Mrisho ameshika simu akihesabu muda.

"Mama Maulida," alisema Bi Swaumu, "nilikuwa naomba unitazame hapa…"

Maulida aliinua kidole kama mwalimu wa zamu. "Bibi! English!"

Wakacheka wote. Adila naye alicheka, na tangu hapo kicheko kile alikikumbuka kuliko alivyotaka. Mrisho alimwonyesha mama yake kiganja, subiri kidogo, akasema kwa Kiingereza, baadaye, mama, baadaye. Bi Swaumu naye akacheka. Aligeuka taratibu akarudi nyuma.

Hiyo baadaye haikufika. Isha iliingia, Mrisho akaenda msikitini, Adila akalala kabla hajala. Na Bi Swaumu alikuwa mtu wa kuomba mara moja. Ndivyo alivyolelewa: ukiomba, ukacheleweshewa, basi jibu umelipata. Isitoshe mguu haukumuuma. Kitu kisichouma utamwamshia mtu usingizi wake kukieleza?

---

Harufu ndiyo iliyosema.

Jioni moja, siku kadhaa baadaye, mvua ilikuwa imenyesha na madirisha yamefungwa. Adila alikuwa akisoma kwa sauti insha aliyoiandika, imejaa maneno mazito ya Bwanausi, na kila alipolitamka moja Maulida alikunja kidole kuhesabu. Mrisho alivuta pua. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba kuna panya amekufa mahali. Maulida akamsahihisha kitenzi. Mrisho akarudia sentensi.

Adila alikuwa ameacha kusoma. Harufu ile aliijua. Chumba cha kufungia vidonda kule kazini kilikuwa nayo asubuhi, kabla hawajafungua madirisha. Haikuwa ya panya.

Aliweka karatasi chini akaenda nyuma. Bi Swaumu alikuwa kwenye kiti chake, khanga imemfunika miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona shikamoo saa hizi, tumeshaonana leo."

"Tulionana saa ngapi, mama?"

Bi Swaumu alifikiri. "Basi labda jana."

Adila alichuchumaa, akaiondoa khanga. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama. Alikilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakivua polepole, na alipomaliza alikaa chini sakafuni moja kwa moja, mikono magotini. Kidole gumba na kinachofuatia vilikuwa vyeusi. Uwekundu ulikuwa umepanda kuvuka kifundo.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kusema Kizungu. Si siku ile ile, baada yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia," alisema Bi Swaumu. Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa kama mtu anayeulizwa njia. "Ulikuwa na kazi."

Mrisho na Maulida walikuwa wamesimama nyuma yao. Mrisho aliuona mguu, akageuka, akashika ukuta. Maulida alianza kulia. Bi Swaumu ndiye aliyemwambia, "Nyamaza mwanangu, hakijaniuma hata kidogo."

"Ndiyo ubaya wake, mama," alisema Adila. "Ndiyo ubaya wake."

---

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa kijana ambaye Adila alimfahamu kwenye semina. Alikifungua kidonda, akakitazama kwa muda, akamtazama Adila.

"Sista, huyu anakaa na nani?"

"Anakaa na mimi."

"Nyumba moja?"

"Nyumba moja."

Daktari alivuta faili. Aliandika. Wauguzi wawili waliokuwa wakitayarisha dripu walitazamana, mmoja akajifanya anatafuta plasta. Adila alikuwa ameshawahi kuwatazama ndugu wa wagonjwa kwa jicho lile lile, mara nyingi. Alikuwa ameshawahi kusema, mbele ya watu, "Nyie mlikuwa wapi mpaka mgonjwa akafika hapa?" Sasa alisimama akishikilia mkoba wa mama mkwe wake, akingoja aulizwe. Hakuulizwa, na hilo lilimchoma zaidi.

Waliandikiwa kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Hajra alimchukua Maulida akae kwake, bila shingo upande yoyote, akafunga na chakula cha njiani kwenye bakuli. Hakuita tena nyumba ya Wazungu.

Dar es Salaam mpasuaji alisema maneno machache. Usaha umefika kwenye mfupa. Wakingoja, wataukata mguu gotini. Wakiwahi, labda watakata sehemu ya mbele ya wayo tu. Angemwingiza chumba cha upasuaji Jumamosi asubuhi, sukari ikishashuka.

Mtihani wa tatu wa Adila ulikuwa Jumamosi asubuhi, jiji hilo hilo. Ada yake Mrisho alikuwa ameilipa kwa kazi ya mageti mawili, na ilikuwa haihamishiki.

Kwenye ukumbi wa hospitali, kati ya watu waliolala juu ya mabegi yao, Mrisho alikuwa wa kwanza kulitaja jambo hilo.

"Kesho huendi."

"Sijasema nakwenda."

"Nakujua. Unafikiria."

"Nafikiria, ndiyo. Kufikiri nako kuna faini?"

Mrisho alishusha sauti, kwa sababu mzee mmoja alikuwa amegeuza shingo. "Mama yangu anakatwa mguu, wewe ukaandike insha?"

"Ni mama yako kuanzia lini, Mrisho? Nani anampima sukari? Nani anajua vidonge vyake vya jioni ni vingapi? Wewe unavijua?"

Mrisho hakuvijua.

"Sheria ilikuwa yako," aliendelea Adila. Machozi yalikuwa karibu lakini alikuwa amechoka hata kuyatoa. "Yako. Sikuiomba. Mimi na mama tulikuwa tukizungumza jikoni, ukaja ukatufunga midomo."

"Niliifanya kwa ajili yako."

"Najua."

"Na ninyi mlicheka. Siku ile amekuja mlangoni, nani hakucheka?"

"Nilicheka," alisema Adila. "Ndiyo nasema, Mrisho. Nilicheka na mimi ni nesi."

 Waliingia wodini pamoja kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa inakwisha. Bi Swaumu alikuwa macho, mkono mmoja una dripu. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Aende," alisema.

"Mama, wewe hujui…" alianza Mrisho.

"Nini sijui? Kwamba nakatwa? Nimeambiwa. Akikaa hapa atanitazama tu mlangoni, na mimi sipendi kutazamwa. Atakayeshika kisu si yeye." Alimgeukia Adila. "Nenda. Lakini usiende kwa ajili yangu, nisije nikabebeshwa na mzigo wa mtihani wako. Nenda kwa kuwa umelipiwa."

---

Adila alikwenda. Alilala kwa binti ya shangazi yake Mbagala, akaamka, akafanya mtihani na vazi lile lile la jana.

Sehemu ya kuandika iliuliza kama serikali inafaidika zaidi kwa kujenga barabara au reli. Hakuwa na maoni. Mkono wake uliandika. Maneno ya Bwanausi yalikuja yenyewe, kwa mpangilio, makubwa na mazito, kama askari wanaopita mbele ya mgeni rasmi. Aliandika kwamba faida ni substantial, yaani kubwa, na hasara ni detrimental, yaani za kudhuru, akaweka nukta. Alikuwa akiangalia saa ya ukutani na kufikiria msumeno.

Mchana ikawa zamu ya kuzungumza. Mtahini alikuwa mama wa Kizungu mwenye miwani, mpole, aliyeanza na maswali mepesi ya kumtoa mtu hofu. Unaishi wapi? Bagamoyo. Unaishi na nani? Mume wangu, binti yangu, na mama wa mume wangu. Hayo Adila aliyajibu kama alivyoyazoea sebuleni.

"Na jioni," aliuliza mtahini kwa Kiingereza chake safi, "nyumbani kwenu huwa mnazungumza nini?"

Lilikuwa swali la kawaida. Adila alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, safari hii alikuwa nayo mengi, hata ya kuchagua. Lakini alichoona ni kiti ukumbini nyuma, na khanga.

"Hatuzungumzi," alisema mwishowe, kwa Kiingereza. "Tunafanya mazoezi."

Mtahini alingoja kidogo kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akasema asante, akageuza karatasi, akaenda swali linalofuata.

Alipotoka nje akawasha simu. Mrisho alikuwa ameandika: "Ametoka salama. Wamekata mbele tu, kisigino kipo. Anakuuliza." Adila alikaa kwenye ngazi za jengo lile, watu waliovaa vizuri wakimpita kulia na kushoto, akalia mpaka mlinzi akamwomba asogee.

---

Bi Swaumu alirudi Dunda kabla ya mfungo, akiwa na magongo mawili na mguu wa kushoto uliofungwa ukawa mfupi kama wa mtoto. Kidonda kilitakiwa kusafishwa kila siku. Adila alikisafisha asubuhi kabla ya kwenda kazini au alasiri akirudi. Kiti kilirudishwa sebuleni na Maulida bila kuagizwa. Hakuna aliyeifuta sheria ya Mrisho. Hakuna tu aliyeitaja tena. Jioni ya kwanza walikaa wote na kila mtu alisema Kiswahili kwa sauti ya chini, kama watu waliorudi kutoka msibani. Bi Swaumu ndiye aliyelalamika kwamba uji hauna sukari, na Adila akamwambia hautakuwa nayo, na hapo angalau pakawa na kelele kidogo.

Matokeo yalikuja siku ya Jumatano. Adila aliyafungua akiwa kazini, nyuma ya kabati la dawa. Kusikiliza, kusoma, kuandika: zote zimepita. Kuzungumza ndiko kulikoshuka kuliko mara zote, lakini kukasimama pale pale panapotakiwa. Aliifunga simu akaendelea kugawa dawa. Nyumbani aliwaambia jioni, wakati wa kukusanya sahani.

"Nimefaulu."

Mrisho aliinuka nusu, akakaa tena. "Alhamdulillahi," alisema, na akamtazama mama yake kana kwamba anaomba ruhusa ya kufurahi.

"Basi utaondoka," alisema Bi Swaumu.

"Karatasi zikikamilika, mama. Si sasa hivi. Baada ya miezi."

"Utaosha wazee wa Wazungu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Bi Swaumu alitikisa kichwa taratibu. "Wana bahati," alisema, na haikujulikana kama ni utani. "Una mkono mwepesi. Na mimi nani ataniosha?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likiwasubiri tangu mwanzo. Mrisho alisema haraka kwamba watatafuta binti, atalipwa vizuri, yupo hata mtoto wa Hamidu muuza mkaa anayetafuta kazi. Mama yake akasema hataki mguu wake uwe ajira ya mtu. Mrisho akasema basi muuguzi mwingine wa kituoni. Mama akageuza uso dirishani. Adila alikuwa akitazama sahani, na alipochoka kuitazama aliinuka.

"Mrisho. Njoo."

"Wapi?"

"Njoo unawe mikono. Mpaka kwenye kiwiko."

"Adila, mimi siwezi. Unajua siwezi. Hata hospitali nilitoka nje."

"Najua ulitoka. Njoo."

Alimpa sabuni, akasimama pembeni mpaka alipomaliza. Akamvalisha glovu, ilipasuka kwenye dole gumba, mikono ile ilikuwa ya chuma, akampa nyingine kubwa. Akaweka beseni la maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na Mrisho akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, jasho likimtoka kana kwamba amesimama juani.

"Anza na bandeji. Usivute. Lowesha kwanza."

Alilowesha. Bandeji ililegea, ikaanguka, na wayo uliobaki ukawa wazi mbele yake, mwekundu, umeshonwa, unang'aa. Mrisho alifumba macho. Akayafumbua.  Hakuna aliyemcheka.

"Sasa futa kutoka katikati kuja nje," alisema Adila. "Kipande kimoja cha pamba mara moja tu, ukitupe."

"Polepole we mwanamume," alisema Bi Swaumu. "Hilo si geti."

"Nimekuumiza, mama?"

"Hapo sisikii kitu."

"Kwa hiyo hakuumi?"

"Nimesema hapo. Hukuniuliza mahali pengine."

Mrisho aliinua uso. Pamba ilikuwa mkononi mwake, maji yakidondoka kwenye suruali.

"Wapi kunauma, mama?"

Bi Swaumu alimtazama kama anayepima iwapo anaulizwa kweli au anaulizwa tu. Kisha akaanza kumweleza. Alianza na nyonga, inavyomvuta usiku kwa sababu ya magongo. Akaja kwenye bega. Akaeleza vile vidole visivyokuwepo vinavyowasha alfajiri mpaka anatamani kuvikuna. Akarudi nyuma kwenye wodi, kwa mwanamke wa kitanda cha pili aliyekuwa akilia kwa Kizigua na yeye ndiye pekee aliyemwelewa. Akarudi nyuma zaidi, kwenye ukumbi ule na jioni zile. Alieleza taratibu, hakuruka kitu. Adhana ya Isha iliita na Mrisho hakuinuka. Adila alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho ameyafumba. Hakulala, alikuwa anasikiliza. Maulida alikuja akaichukua ile pamba iliyolowa mkononi mwa baba yake akampa kavu, na bibi yake akaendelea kusema.